Mrithi Asiyeonja Dawa

Zamani za falme zilizopigana kando ya Mto Manjano, kabla nchi ya China haijawa chini ya kiti kimoja, mfalme wa Weilu aliugua kifua majira yote ya baridi. Mrithi wake, Jiwen, alikuwa na muhuri wa yashi, jiwe la kijani la thamani, kiunoni, na adui mmoja: Waziri Tao, aliyetaka kiti kiende kwa mjukuu wake, mtoto wa mke mdogo wa mfalme.

Desturi ya Weilu haikubagua mkulima na mfalme: dawa ya mzazi huonjwa kwanza na mwanawe. Kila asubuhi Jiwen alipiga magoti, akameza funda moja, kisha akampa baba yake bakuli la shaba kwa mikono miwili.

Asubuhi moja tabibu alimnong'oneza ukumbini, "Usionje leo, bwana wangu. Waziri Tao aliingia jikoni mwangu."

"Basi nimwambie Baba."

"Kwa ushahidi gani? Utaitwa mchongezi."

Jiwen akakata shauri. Angejifanya ameonja, kisha angejikwaa kwenye pindo la joho, bakuli lianguke. Sumu ingemwagika na maneno yangekwisha.

Alipiga magoti, akagusisha midomo. Waziri Tao alisimama kando ya nguzo, akitazama sakafu.

"Ngoja," mfalme alisema. Miezi mitatu kitandani hakuwa na kazi ila kutazama watu. "Koo lako halikusogea. Meza."

Jiwen hakumeza.

"Mna nini humo, mwanangu?"

"Sumu, Baba. Nimeambiwa..."

"Nawe ulikuwa unaniletea?"

"Nilitaka kuiangusha!"

Waziri Tao akaja polepole, akachukua bakuli, akanywa hadi tone la mwisho, akafuta ndevu. "Chungu, Mtukufu. Lakini ni mizizi na asali tu." Akasimama pale, mzima, mpaka kijiti cha ubani kikateketea chote.

Tabibu alipoitwa, aliapa kwamba hakusema na mrithi siku ile.

Kabla ya adhuhuri Jiwen alivuliwa muhuri na upanga, akapelekwa mpakani kaskazini kwa gari la ng'ombe, pamoja na Suyin, yaya aliyemlea.

"Ungesema tu mlangoni," yaya alimwambia njiani. "'Baba, usinywe.' Maneno mawili."

"Asingeniamini."

"Angekutukana, na jioni ungekula ukiwa bado mrithi. Akili nyingi huondoa maarifa."

Walipopumzisha ng'ombe, Suyin alimpa bakuli la uji wa mtama. Jiwen alilishika, akamtazama, asinywe. Yaya akamnyang'anya, akapiga funda kubwa, koo likasogea waziwazi, akamrudishia.

"Haya. Kunywa, mwanangu, unapoa."

Waandishi wa Weilu, katika vipande vyao vya mianzi, walimwachia Jiwen mstari mmoja tu: *Mwaka wa kumi na tisa wa mfalme, mrithi hakuonja dawa ya baba yake.* Hakuna neno la uongo ndani yake.