Ambulensi Ajifunza Kukaa

Mtaa mzima ulimwita Ambulensi. Kazi yake ilikuwa kusambaza mikate kwa baiskeli, lakini jina lilitokana na mkewe, mwokaji. Kila moyo wa mkewe ulipoanza kwenda mbio, yeye alimkimbiza hospitali. Mara tisa ndani ya miezi minne! Safari ya mwisho alifika huko na kiatu kimoja.

Hospitali walimpima mama huyo moyo na damu. Hawakuona kasoro.

"Huu ni ugonjwa wa hofu ya ghafla," daktari alisema. "Unatibika. Nendeni kwa mshauri."

Hawakwenda.

"Hofu gani?" Ambulensi alifoka. "Mke wangu alikuwa anakufa!"

Basi mama akaacha kukanda unga. Kukanda kunafanya moyo udunde, na moyo ukidunda yeye aliona kifo. Akaacha hata kupanda ngazi. Asubuhi moja alisema, "Jumamosi namwachia mwokaji mwingine tanuri. Mimi basi tena."

Ambulensi aliumia sana. Tanuri lile mkewe alilijenga kwa mikono yake, tofali kwa tofali.

Siku hiyohiyo jirani wa ghorofani alishuka kununua mkate. Akakuta rafu tupu. Yeye alikuwa mtafiti katika kliniki ya magonjwa ya akili. Aliposikia habari, alipanda mbio akarudi na kompyuta.

"Mama, humu nimetengeneza mtu wa hesabu."

"Ana moyo?"

"Ana namba tu. Mapigo ya moyo yakipanda, anadhani yuko hatarini. Hofu inapanda. Hofu nayo inapandisha mapigo. Vinasukumana hivyohivyo."

"Acha utani, binti," alisema Ambulensi. "Kompyuta itaujuaje moyo wa mke wangu?"

"Haiujui, mzee. Mama, ukipata unga mpya, unaoka gunia zima?"

"Thubutu! Naoka mkate mmoja kwanza, nione unaumukaje."

"Basi huyu ndiye mkate wangu wa kwanza. Tunajaribu kwake, halafu tunalinganisha na yanayowapata watu kweli."

Mstari mwekundu wa hofu ya mtu wa hesabu ulianza kupanda kwenye kioo. Chini yake palikuwa na vitufe viwili: KIMBIZA na KAA.

Ambulensi hakungoja kuambiwa. Akabonyeza KIMBIZA! Mstari ukashuka palepale.

"Mmeona?" akatamba.

"Endelea, mzee."

Mstari ukapanda tena. Akabonyeza tena. Lakini kila mara ulipanda mapema zaidi. Mara ya sita ulipanda hata mapigo yalipokuwa ya mtu aliyelala tu. Ambulensi akanywea.

"Kila akikimbizwa," mtafiti alieleza, "anaamini amepona kwa sababu amekimbizwa. Safari ijayo anaogopa upesi zaidi."

"Kumbe mimi ndiye niliyemzidishia?" Ambulensi aliuliza.

"Hukujua, mzee. Nani angekaa tu akimtazama mkewe anatetemeka?"

Mama alivuta kompyuta. Akabonyeza KAA. Mstari ukapanda, ukapanda. Ambulensi akafumba macho. Alipoyafumbua, mstari ulikuwa unashuka wenyewe. Mama akarudia. Safari hii haukufika juu sana.

"Loo! Unashuka bila mtu kuushusha!" Mama akacheka. Ilikuwa wiki nyingi hajacheka.

"Ndiyo, akikaa anajifunza kwamba mapigo hayo hayamuui. Ila kompyuta haitibu," mtafiti alionya. "Inatusaidia kuelewa. Nendeni kwa mshauri, awaongoze hatua kwa hatua. Na mkiona dalili mpya, mwoneni daktari."

Yule mwokaji mwingine akaombwa asubiri mwezi mmoja. Mshauri alimwanzisha mama polepole: kukimbia mahali pamoja dakika moja ili auzoee moyo ukidunda, kisha ngazi tano, kisha kumi. Ambulensi naye alipewa kazi: kukaa kwenye kiti hofu ikimjia mkewe. Weee! Alisema afadhali abebe magunia.

Mwezi ukaisha. Mwokaji mwingine alikuja asubuhi, akasimama mlangoni kungoja jibu. Mama akamwaga unga mezani, akaanza kukanda. Baada ya muda jasho likamtoka. Midomo ikatetemeka. Ambulensi akaruka kutoka kitini.

"Kaa!" mama alisema.

Akakaa. "Unaogopa?"

"Sana. Lakini nakanda."

Alikanda. Hofu ikapanda, ikamtikisa, kisha ikaanza kupungua. Mabega yakalegea. Mikono haikuacha unga hata mara moja.

"Mama watoto," Ambulensi alisema kwa sauti ndogo, "sasa moyo wangu mimi ndio unakwenda mbio."

Mama alimtazama kwa upendo, wala hakuacha kukanda.

"Utashuka wenyewe, mume wangu. Nipakie trei mafuta."

Ambulensi akapaka trei kumi na mbili. Alipofika ya mwisho, moyo wake ulikuwa umetulia. Mwokaji mwingine alirudi kwake na mkate wa moto. Tanuri lilibaki kwa mwenyewe.