Safari ya Bibi ya Saa Tatu

Kila akirudi shule, Chiriku huvua viatu mlangoni, humwamkia Bibi, kisha huanza kumwaga habari za siku nzima hata kabla ya kunywa maji. Jina hilo hakupewa bure.

Jioni moja, Bibi ndiye aliyekuwa na habari. Mama mdogo, bintiye aliyehamia mji wa mbali sana, alikuwa amejifungua. Alimwomba mama yake aende akamsaidie kulea. Bibi hakuwahi kupanda ndege maishani mwake.

"Miguu yangu nikikaa sana inavimba," alisema. "Hebu mjukuu wangu msomi, nitazamie ni mwendo wa muda gani. Ikizidi saa tatu, mimi siendi."

Chiriku alitafuta kwenye simu ya mama yake. Kilomita elfu nane, saa kumi angani. Akamfikiria mama mdogo peke yake na kichanga, na roho ikamuuma.

"Saa tatu tu, Bibi. Ukisinzia kidogo, umefika."

Bibi alifurahi, akaamua kufanya mazoezi. Kesho yake aliweka kiti dirishani, akajifunga mtandio kiunoni uwe ndio mkanda, akaketi kuchambua maharage. Chiriku akawa mhudumu wa ndege.

"Abiria, chai yako hii. Na usiniangushie maharage ndani ya ndege."

Mama, ambaye ni fundi cherehani, alicheka hadi akaharibu mshono. Saa tatu zilipotimia, Bibi aliinuka akajinyoosha. "Nimefika salama. Kumbe si kitu."

Zikabaki siku mbili. Wakati wa kufunga mizigo, Bibi alizitia dawa zake za presha chini kabisa ya sanduku kubwa, lile linalokwenda tumboni mwa ndege.

"Ya asubuhi nitameza hapa, ya jioni nitamezea kwa mwanangu," alisema. "Na maji sinywi, nisije nikahangaika kutafuta choo."

Chiriku alinyamaza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Alijua jioni ingemkuta Bibi angali angani, na dawa hana.

"Bibi, nilikudanganya. Si saa tatu, ni kumi. Niliogopa utakataa kwenda."

Mama alisimamisha cherehani. Chiriku akaanza kulia.

"Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi," Bibi alisema. "Nawe umeifupisha hasa." Kisha akatabasamu. "Mama yako mdogo nilimpata kwa uchungu wa usiku na mchana. Nishindwe kumfuata kwa saa kumi za kukalia kiti?"

Alifungua sanduku, akazihamishia dawa kwenye mkoba wa mkononi. Mama akamwambia, "Kesho tupite zahanati wakupime presha, watuambie na hiyo miguu tuifanyeje. Na huko ndani maji unywe, kisha uwe unainuka unatembea kidogo."

Bibi alimvuta Chiriku kifuani. "Saa kumi naziweza, nikijua ni kumi. Ambayo ingenitesa ni ile saa ya nne, niko juu huko sina dawa, najiuliza mbona hatufiki. Ukinipenda niambie ukweli, mwanangu. Woga wangu niachie mwenyewe."

Akakirudisha kiti dirishani, akajifunga mtandio wake.

"Haya mhudumu, futa machozi, uniletee maji. Bado tuna saa saba."