Mkono wa Kupiga

Kila asubuhi Lusajo aliteka maji, akafagia uwanja wa nyumba yao pale Tunduma, kisha akaketi barazani na gitaa lake. Alikuwa amemaliza kidato cha nne. Chuo cha muziki alichokitamani kilitaka video ya mwombaji akipiga ala mwenyewe, uso na mikono vionekane, bila kukatwa popote. Mwisho wa kupokea video ulikuwa Ijumaa.

Kurekodi Tunduma si mchezo. Ukianza tu wimbo, lori lililo kwenye foleni ya mpakani linapiga honi. Jumatano hiyo, kwa bahati, madereva walinyamaza. Lusajo aliegemeza simu kwenye ndoo, akapiga vizuri mpaka ubeti wa mwisho. Hapo Danford, mtoto wa jirani, akachungulia juu ya ukuta.

"Oyaa! Jogoo wa bibi yako anakushinda kuimba!"

Video ikaharibika. Lusajo aliruka ukuta, akamkaba Danford shingo, akambwaga chini. Ngumi ya kwanza ilimpasua mdomo. Ya pili ilitua puani, damu ikatapakaa shatini. Danford akaokota kipande cha tofali, akamtwanga nacho begani. Lusajo akarusha ngumi kwa nguvu zake zote. Danford akakwepa, ngumi ikagonga ukuta. Ka! Vidole vikalia kama kuni kavu.

"Jamani njooni! Ananiulia mtoto!" Mama Danford alipiga ukunga.

Majirani wakajaa, wakawatenganisha. Wengine walitaka Lusajo apelekwe polisi. Badala yake wote wawili walipelekwa zahanati: Danford akashonwa mdomo, Lusajo akafungwa mkono uliovimba kama andazi.

"Bibi, nitawaambia chuo nimeanguka na bodaboda," Lusajo alisema huku akilia. "Watanionea huruma."

"Bodaboda gani hiyo yenye damu ya Danford?" aliuliza Bibi Nesta. "Nenda kwanza ukaombe msamaha. Kisha piga simu chuoni useme kweli, nami nikisikia."

Lusajo akaenda kwa jirani, akaomba msamaha. Danford alimtazama, akasema kwa taabu, "Na mimi nilikuchokoza, kaka."

Simu ilipopokelewa, Lusajo alisema yote. Mwalimu wa chuo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Wengi wakichelewa huniambia wameugua malaria," alisema. "Wewe umesema kweli. Nakuongezea muda mpaka mkono upone. Lakini hapa chuoni, mgomvi hakai."

Mkono ulipopona, Danford mwenyewe ndiye aliyeshika simu, kovu likiwa mdomoni, akiwanyamazisha watoto kwa macho. Video ikatumwa. Baada ya muda Lusajo akaitwa kwenye usaili, na majirani wakaja kumpongeza.

"Kitendawili!" alisema Bibi Nesta.

"Tega!"

"Ninao wawili. Wa kwanza nikimpiga akalia, majirani huja kucheza. Wa pili nikimpiga akalia, majirani huja kunikamata."

Wakakuna vichwa. Danford akaangua kicheko.

"Wa kwanza gitaa, bibi. Wa pili mimi!"

"Umekitegua, mwanangu. Nawe Lusajo, sikia. Mkono unaopiga hao wawili ni huohuo mmoja. Hasira ikipanda, utie mfukoni kwanza, maana ukiuvunja kwa mtu, hata gitaa litanyamaza."