Folda Iliyoitwa Dukani

Haya yalimfika rafiki yangu Sadallah, fundi kompyuta wa pale Bungu. Alikuwa akitengeneza programu inayoiga kompyuta za nyumbani za zamani, na mchana ule alitaka kuongeza jambo moja tu: folda ziweze kukaa ndani ya folda nyingine. Mvua ikazidi, akafunga mlango wa duka lake. Umeme ukakatika, akabaki na mwanga wa laptopu.

Alipoijaribu, ndani ya folda yake akakuta nyingine ambayo hakuitengeneza, inaitwa DUKANI. Akaifungua, ikawa kama naye ameingia ndani yake. Akaiamuru programu imrudishe nyuma, ikagoma, kisha skrini ikazimika. Akaukimbilia mlango, komeo halikusogea.

"Mama Hadija!" akamwita mkewe, maana alisikia hatua zake barazani. "Nifungulie!"

Mlango haukufunguka, lakini akasikia miguu ya mkewe ikipita ubavuni pake gizani, mpaka kwenye kiti alichokuwa amekalia yeye Sadallah.

"Kumbe umekaa tu, baba Hadija," mkewe akasema. "Haya, twende zetu nyumbani."

Kiti kikalia. Miguu ya watu wawili ikatoka nje, naye akabaki ndani.

Jioni majirani walisikia mayowe yake, wakavunja komeo. Sadallah akakimbia mpaka nyumbani. Mkewe akasimama mlangoni, akamkodolea macho, asimkaribishe. Ndani, chumbani kwao, mtu akakohoa kwa sauti ya Sadallah.