Ukurasa wa Viwanja Chini ya Lava

Ijumaa tarehe 14 Juni, saa moja na nusu asubuhi, Fabiola Kavira alikuta mwanamke amekaa kwenye ngazi ya ofisi, simu mkononi, viatu vimejaa vumbi jeusi. Alikuwa Mama Donatille, mjane wa njia ya Kibumba, na alikuwa ametembea tangu alfajiri. Aliinua simu hadi karibu na pua ya Fabiola.

"Ni weye uliandika hii page?"

"Ni miye, mama. Bonjour."

"Basi ni weye ulinikataza kwenda kuandikisha parcelle, kiwanja changu. Kesho asubuhi banaigawa."

Fabiola alikuwa mhariri wa Sema Wazi, shirika dogo la mtaa wa Mabanga, Goma, lenye kazi moja tu: kuchukua matangazo mazito ya maofisi na kuyaweka kwenye tovuti kwa Kiswahili ambacho mtu anaelewa akisoma mara moja. Miaka sita amefanya kazi hiyo, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba maneno yake yamemnyang'anya mtu ardhi. Yalimchoma.

Ukurasa huo aliujua vizuri. Miaka mitatu imepita tangu lava iteremke na kufunika viwanja hamsini na viwili kando ya njia ya Kibumba. Kamati ya Mipaka ilitaka kuwaandikisha upya wenye viwanja, na kwa kuwa karatasi za wengi ziliungua pamoja na nyumba, ilikubali neno la jirani. Kiwanja ambacho hakingeandikishwa kufikia Jumatano tarehe 12 kingegawiwa mtu mwingine. Fabiola aliandika mistari mitatu: *Njoo na jirani mmoja anayejua kiwanja chako. Karatasi si lazima. Mwisho ni Jumatano tarehe 12 Juni, saa tisa alasiri.*

"Nisomee, mama," alisema.

"Nilijifunza kusoma na miaka makumi tano. Ninaenda polepole." Mama Donatille aliweka kidole chini ya mstari. "*Kwa mujibu wa utaratibu wa uhakiki wa mipaka, wahusika wenye madai ya umiliki katika viwanja vya bloku A hadi F wanatakiwa kuwasilisha hati halisi za umiliki zilizothibitishwa na mamlaka husika, isipokuwa pale ambapo, kutokana na mazingira yasiyozuilika yanayotambuliwa na Kamati, ushahidi mbadala wa mtu wa ujirani utakubalika kwa hiari ya Kamati hiyo.*" Alipumua. "Nilipofika kwa *hati halisi*, nikaacha. Zangu zilibakia mu lava."

Fabiola alichukua simu na kusoma mwenyewe. Anwani ilikuwa ileile, rangi zilezile, na jina lake lilikuwa chini kabisa. Lakini maneno hayakuwa yake hata moja.

"Jirani yangu Valentin haone hata mwanga," Mama Donatille aliendelea, "na alienda Jumatatu, akaandikwa. Miye mwenye macho njo nilibakia. Tangu basimike nguzo za herufi ile Jeudi ya tarehe sita, parcelle yangu inaitwa ya bloku D. Mbele iliitwa kwa Mama Donatille. Kesho sijue itaitwa kwa nani."

"Kamati inapokea malalamiko leo saa tisa," Fabiola alisema. "Ingia ndani, mama. Unywe chai. Hatutoki hapa mikono mitupu."

Kwanza alimpigia Valentin. Alikuwa mmoja wa wasikilizaji wa Sema Wazi, kwa maana kila ukurasa ulisomewa watu watatu wa kawaida kabla ya kuchapishwa, na swali lolote waliloliuliza liliandikwa kwenye daftari.

"Papa Valentin, ulijua vipi kwamba unaweza kwenda bila karatasi?"

"Uliniambia weye mwenyewe. Nilibonyeza pa kusikiliza, sauti yako ikasema, kuja na jirani mumoja. Nikakuja na jirani mumoja."

Fabiola alibonyeza kitufe cha kusikiliza kwenye ukurasa. Sauti yake ilisoma mistari mitatu ileile, kama alivyoirekodi Jumatatu tarehe 3, siku ukurasa ulipotoka. Maandishi yalikuwa yamebadilishwa baadaye, na aliyeyabadilisha hakujali kugusa sauti. Kwa hesabu ya Kamati, watu tisa tu kati ya hamsini na wawili walikuwa wameandikishwa, karibu wote wakiwa wale wasiosoma. Wasomaji walibaki nyumbani. Fabiola alijilaumu pia, maana alikuwa na desturi ya kuupima ukurasa kabla haujatoka, lakini ukishatoka hakuurudia tena.

Saa mbili na nusu aliingia Henri, fundi wa tovuti. Fabiola hakumpa nafasi ya kuvua koti.

"Nifungulie historia ya ule ukurasa."

Henri alifungua. Mabadiliko yalikuwa mara moja tu: Jumanne tarehe 4 Juni, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Jina la aliyebadilisha: Henri.

Kijana wa watu alibadilika uso. "Mama Fabi, sikugusa. Naapa."

"Usiape. Niambie ulikuwa wapi."

"Ile siku courant ya umeme ilikatika saa ine kamili. Niliacha kompyuta inatumia batri, nikaenda kutafuta mafuta ya groupe, ile jenereta yetu. Foleni ilikuwa ndefu. Nilikupigia simu nikiwa pale, nikilalamika. Haukumbuke?"

Fabiola alitazama simu yake. Jumanne tarehe 4, saa nne na dakika kumi na saba, Henri, dakika sita. Alikumbuka hata honi za pikipiki na mtu aliyekuwa akimgombeza mwenzake kwa kuruka foleni. Mtu hawezi kuwa kwenye foleni ya mafuta na papo hapo anaandika sentensi ya namna ile.

"Uliacha kompyuta imefunguliwa kwa jina lako?"

"Iliachwa wazi, ndiyo." Henri aliinamisha kichwa. "Ni kosa."

"Ni kosa. Tutaliongea siku nyingine."

Aliyefuata alikuwa Jephté, mwandishi mwenzake, aliyesoma sheria na kuipenda kuliko chakula. Kila wiki waligombana juu ya maneno. Jephté aliona mistari mifupi ni kuwadharau wasomaji, na neno *husika* lilimtoka hata akiagiza maharage.

"Hii sentensi," Fabiola alimwonyesha, "ni ya nani?"

Jephté aliisoma mpaka mwisho, na kwa mshangao wa wote akakunja uso. "Inafanana na yangu. Lakini miye ningeweka nukta mahali fulani."

"Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ndosho, kwa maseremala. Nilikuwa ninawasomea ule ukurasa wa chanjo." Alitoa daftari la maswali. Kila swali lilikuwa na saa yake na sahihi ya muulizaji, kama desturi yao ilivyotaka. Saa nne na robo seremala mmoja aliuliza kama mtoto mwenye homa aletwe. Saa nne na dakika ishirini na tano mwingine aliuliza ni siku gani. Mkono wa Jephté ulikuwa Ndosho.

Ilikuwa saa nne sasa. Fabiola alifungua daftari la wageni lililokaa mlangoni. Jumanne tarehe 4: Balagizi, mpimaji wa Kamati ya Mipaka. Kuingia, saa tatu na dakika arobaini. Kutoka, saa nne na dakika thelathini na tano. Sababu: kuleta ramani. Hakuna aliyeipokea: Fabiola alikuwa nje kikazi, na Henri alipotoka saa nne Balagizi alibaki peke yake.

"Lakini Balagizi njo alihakiki ukurasa," Jephté alisema. "Jumatatu alisaini hapa kwamba kila kitu ni sahihi. Aharibu Jumanne kitu alichokubali Jumatatu, juu ya nini?"

Fabiola alifunga daftari. Kukaa chumbani na kompyuta si hatia, na saa tisa mtu huyo angesimama mbele ya Kamati akiwa mmoja wao. Alihitaji kitu kisichokanika. Akarudi kwa ile sentensi, akaisoma kama alivyowafundisha wasikilizaji wake: kila neno, huyu aliyeandika alijua nini? Mara ya tatu akasimama katikati. Akamtazama Mama Donatille, aliyekuwa bado ameshika kikombe cha chai kilichokwisha poa.

"Mama, zile nguzo za herufi, ulisema zilisimikwa siku gani?"

"Jeudi, tarehe sita."

Fabiola alimpigia Marie-Louise, mwenyekiti wa Kamati, akamwuliza swali moja. Aliposikia jibu alishukuru, akachukua begi lake.

Saa tisa kamili wajumbe watano wa Kamati walikuwa wamekaa nyuma ya meza ndefu. Marie-Louise alikaa katikati, miwani kwenye ncha ya pua. Balagizi alisimama kando na ramani yake, shati limenyooshwa vizuri. Mama Donatille na Valentin walikaa benchi la mbele.

Fabiola alieleza kwa ufupi. Balagizi alimsikiliza kwa upole mwingi.

"Mama Fabiola ana uchungu, na ninamuelewa," alisema. "Lakini munisomee uongo mumoja mu ile page. Hati zinaombwa, ni kweli. Neno la jirani linakubaliwa, na limeandikwa pale. Mutu akishindwa kusoma mpaka mwisho, kosa si la karatasi."

"Vizuri," Fabiola alisema. "Sisi kazini kwetu hatubishani. Tunajaribu. Papa Balagizi, tusomee."

Aliisoma, kwa sauti nzuri, mara moja, mpaka mwisho. Fabiola aligawa vipande vitano vya karatasi kwa wajumbe.

"Mama Donatille hana hati hata moja. Kwa sentensi muliyosikia, aende kuandikishwa ao abaki? Muandike neno moja."

Vipande vilirudi. Wawili waliandika *aende*. Wawili waliandika *abaki*. Kimoja kilikuwa kitupu. Marie-Louise alivisoma kwa sauti, na alipofika kwenye kimoja alivua miwani.

"Hii ni ya kwangu," alisema. "Niliandika *abaki*. Na ile sheria ya jirani, ni miye niliipendekeza."

Fabiola akabonyeza simu yake, na sauti yake ya tarehe 3 ikajaza chumba: jirani mmoja, karatasi si lazima, Jumatano saa tisa. Hakuna aliyehitaji kuulizwa chochote.

"Sawa," Balagizi alisema, na upole ulikuwa umepungua. "Mutu aliandika vibaya. Historia inasema Henri. Mumuulize Henri."

"Henri alikuwa kwenye foleni ya mafuta, akiongea nami. Weye ulikuwa peke yako na kompyuta yake. Lakini sitaki kukushtaki kwa saa ya mlangoni." Fabiola aliweka kidole kwenye sentensi. "Mama mwenyekiti, nilikuuliza asubuhi. Viwanja hivi vilianza lini kuitwa kwa herufi?"

"Alhamisi tarehe 6. Balagizi alileta ramani, tukaipigia kura, na mchana uleule nguzo zikasimikwa. Mbele ya hapo hata sisi hatukujua kama zitakuwa herufi ao namba. Mbele ya hapo ilikuwa kwa muzee Sikuli, kwa Mama Donatille, basi."

"Sentensi hii iliandikwa Jumanne tarehe 4. Inasema *bloku A hadi F*. Jumanne, Goma nzima, nani alijua kwamba kuna bloku, na kwamba mwisho wake ni F?"

Mjumbe mmoja alianza kuhesabu siku kwa vidole, akaacha.

"Ramani ilikuwa mu begi yangu," Balagizi alisema polepole. "Mutu angeweza kuiona."

Marie-Louise alikuwa amefungua faili lake na kutoa barua. "Tarehe 10, siku mbili mbele ya kufunga, tulipokea ombi. Shemeji yako Damien anaomba bloku C, D na E, *zisizo na wenyewe*, za kuvunjia mawe ya kujengea. Nilishangaa alijuaje kama hazitakuwa na wenyewe."

Balagizi aliikunja ramani mara mbili. Alipoongea tena hakumtazama Fabiola, alimtazama Mama Donatille.

"Mawe yale yamelala miaka tatu. Hakuna mutu anakaa pale, hakuna mutu analima. Miye ninapimia batu udongo tangu ujana wangu, na siko hata na kipande. Sikuiba. Sikuandika uongo. Niliandika tu kama ofisi zinavyoandika, nikajua hawatafika mwisho."

"Ulijua," Mama Donatille alisema. Sauti yake haikupanda. "Bwana yangu alizikwa pale, mbele ya lava kuteremka. Njo sababu hatulime."

Balagizi alikaa chini. Hilo hakuwa amelijua.

Kamati haikuchukua muda. Mgawanyo wa Jumamosi ulifutwa, ombi la Damien lilikataliwa, Balagizi akaondolewa na jambo lake likapelekwa kwa polisi. Daftari la wenye viwanja lilifunguliwa kwa siku saba. Kabla hata ya kutoka chumbani Fabiola aliandika ukurasa mpya kwa simu, mistari mitatu, akamsomea Mama Donatille.

"Uko na swali, mama?"

"Siku saba, zinaisha lini?"

Fabiola aliongeza siku na tarehe. Akamsomea tena. Safari hii hakukuwa na swali. Akaahidi mbele ya wote kwamba kila asubuhi, mpaka daftari lifungwe, ataufungua ukurasa huo na kuusoma kama mgeni.

Karani wa Kamati alivuta kiti, akafungua daftari.

"Jina?"

"Donatille. Njia ya Kibumba, pale lava ilikata barabara."

"Karatasi?"

"Sina."

"Jirani anayejua kiwanja chako?"

Valentin alisimama kutoka kwenye benchi, mkono ukitafuta ukingo wa meza. Mjumbe mmoja alikohoa. Karani aliinua kalamu na kusita. "Papa, samahani. Mpaka wa kiwanja utaujuaje?"

"Kutoka barabarani mpaka kona yake ni hatua makumi ine na mbili," Valentin alisema. "Kisha unageuka upande wa mulima, hatua makumi mbili na nane, unagusa jiwe kubwa lenye tundu. Pale njo mwisho. Nilipita pale kila siku mbele ya lava, na baada ya lava nikaanza kuhesabu tena. Papa Balagizi eko na kamba yake, apime."

Balagizi hakuinua kichwa. Marie-Louise alifungua ramani kwenye meza, akaweka kidole kwenye bloku D, akasoma vipimo vya kiwanja kwa sauti ya chini; vililingana na hatua za Valentin. Kisha akamwambia karani aandike.

Mama Donatille alichukua kalamu. Alisaini polepole, herufi moja moja, na hakuna aliyemharakisha.