Tufaha Lililorudi Mtini

Nyumba yangu na nyumba ya Itto zimetenganishwa na ukuta mmoja tu. Akikata vitunguu yeye, machozi yananitoka mimi. Kwa hiyo msiniulize niliyajuaje haya. Mengi niliyasikia. Ambayo sikuyasikia, nilikwenda kuyauliza.

Itto ni mke wa Basu, mkulima wa matufaha. Wana watoto wawili. Zayd, mkubwa, anasoma shule ya hapa kijijini. Tuda, mdogo, alikuwa na miaka mitano wakati huo. Mama yake Basu, Bibi Hadda, anaishi nao. Bibi huyo meno hana, lakini mdomo anao.

Ulikuwa msimu wa mavuno. Kijiji kizima kilinukia matufaha. Tuda na bibi yake walikaa chini ya miti wakichambua. Mazuri waliyaweka kwenye sanduku, yaliyotobolewa na wadudu waliwapa mbuzi. Tuda alikuwa hodari kwa kazi hiyo, na kuongea alikuwa haachi.

Jioni moja Basu alirudi kutoka shambani, akanawa, akaketi. Akasema, "Lori la mwisho la matufaha likiondoka, Tuda ataondoka nalo. Atakaa kwa dada yangu, mjini Midelt. Kule kuna chekechea."

Itto aliacha kukanda unga. "Baba Zayd! Unamtoa mtoto wa miaka mitano nyumbani?"

"Umesahau ya Zayd? Alianza darasa la kwanza hajawahi kushika kitabu. Akarudia darasa. Kila asubuhi kilio. Sitaki kuyaona tena yale."

"Hapa chekechea hakuna, lakini mimi nipo. Nitamfundisha mwenyewe."

"Utamfundisha na nini?"

"Na vile vitabu vya picha alivyotuletea binamu yako kutoka Ufaransa. Si vimekaa tu kabatini?"

Basu alikuna kidevu. Si mtu mbaya, Basu. Anampenda binti yake mpaka anaona aibu kuonyesha. "Haya," akasema. "Mpaka lori la mwisho. Nikiona anajifunza, abaki. Nisipoona, aende. Na wewe usilie."

Itto akalia hapo hapo.

Kesho yake asubuhi akaanza kazi. Itto huhudhuria darasa la akina mama msikitini, na anajua herufi chache za Kiarabu. Kwa hiyo alifanya kama alivyoona kule darasani. Alimkalisha Tuda kwenye kigoda, mgongo wima. Akashika kijiti cha kuonyeshea. Akasema bismillahi, akafungua kitabu upande wa kulia, kama sisi sote tunavyofungua vitabu.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na keki mezani.

"Sema: keki."

"Keki," akasema Tuda.

Ukurasa uliofuata, mama mmoja alikuwa anakata matufaha. Uliofuata tena, matufaha yalikuwa kapuni.

"Sema: kapu."

"Mama, keki imekwenda wapi?"

"Usiulize. Sema: kapu."

Ukafunguliwa ukurasa mwingine. Sasa matufaha yalikuwa mtini.

"Mama! Yamerudi mtini!"

Itto akatazama vizuri. "Ndiyo, yamerudi."

"Matufaha hayarudi mtini! Yakishachumwa yamechumwa!"

"Kitabu kinasema yamerudi. Kitabu hakikosei. Sema: mti."

"Sisemi! Kitabu hiki kina wazimu!"

Bibi Hadda, pale kwenye mkeka wake, akaingilia. "Labda huko Ufaransa ndivyo yalivyo. Wale watu wana mashine za kila kitu."

Itto akazidi kufungua. Mti ukawa mdogo. Kisha ukawa mche. Kisha mche haukuwepo kabisa, akabaki msichana mmoja na mbegu mkononi. Itto akapandisha sauti, Tuda naye akapandisha yake. Mwisho kitabu kikaruka, kikatua karibu na jiko, na mtoto akaanguka chini kwa kilio.

Basu alikuwa mlangoni, sanduku begani. Alikuwa ameona yote.

"Itto," akasema polepole, "mfungie nguo zake."

Mimi niliyoyasikia ukutani yalinitosha. Niligeuka nikamwambia binti yangu Rabha, "Mnyonyeshe huyo mtoto haraka, twende kwa jirani." Rabha ni mwalimu wa chekechea, mjini Meknes. Alikuwa amekuja kwangu kujifungua, na mtoto wake alikuwa bado mchanga. Mimi namtaja Rabha kila ninapopata nafasi, na leo nafasi ninayo.

Tulimkuta Itto amekaa na begi tupu mapajani. Akatueleza huku anafuta kamasi. Rabha akaokota kitabu. Akakifungua kulia, akakifungua kushoto. Kisha akacheka mpaka mtoto mgongoni akaamka.

"Unanicheka?" akauliza Itto.

"Sikucheki wewe, dada yangu. Hiki ni cha Kifaransa. Kiarabu chetu kinaanzia kulia, Kifaransa kinaanzia kushoto. Umeingilia mlango wa nyuma!"

Akakigeuza. Msichana akapanda mbegu. Mbegu ikawa mche, mche ukawa mti. Mti ukazaa, matufaha yakachumwa, yakakatwa, na mwisho ikatoka keki.

Bibi Hadda akapiga makofi. "Ala! Kumbe keki inakuja mwisho! Sasa hiyo ni hadithi."

Tuda alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa ananyoosha shingo aone. "Si nilisema?" akasema.

"Ulisema, mwanangu," Rabha akamjibu. Akamgeukia Itto. "Umesikia? Huyu hajui herufi hata moja. Lakini ameziangalia picha, akazifuatisha, akajua mambo yamekwenda kinyume. Kusoma kunaanzia hapo. Wewe ulitaka arudie maneno, yeye alikuwa anafikiri. Na wewe ukamwambia anyamaze."

Itto akainamisha kichwa. "Mimi si mwalimu, Rabha. Kifaransa sikijui. Kiarabu cha shule nakijua kidogo. Nitamsomea kwa lugha gani?"

"Kwa lugha unayomwitia chakula."

"Kitamazight, hiki chetu cha nyumbani? Lakini shuleni si watamfundisha kwa Kiarabu?"

"Ndiyo, na atakijifunza huko. Ila afike akijua kitabu ni nini, kinafunguliwaje, na kwamba hadithi ina mwanzo na mwisho. Afike akiwa na maneno mengi ya nyumbani na hamu ya kuuliza. Mtoto aliyezoea kufikiri kwa lugha ya mama yake, lugha ya pili haimtishi. Zayd hakukosa akili. Alikutana na vyote siku moja."

"Sasa nifanyeje?"

"Kwanza, hicho kigoda wape kuku. Mpakate. Mwache yeye ageuze kurasa. Muulize anaona nini. Kabla ya kugeuza, muulize anadhani nini kitafuata. Akikosea, usimkaripie, geuza aone mwenyewe. Mhesabishe ndege, mhesabishe miguu ya mbuzi. Akichoka, funga. Kesho kitabu kitakuwepo."

"Hivyo tu? Hiyo si ni kucheza?"

"Ndiyo kazi ya mtoto, mama. Ila ufanye kila siku, hata kidogo. Usifanye siku moja kutwa nzima halafu ukaacha."

Jamani, ile nyumba ilibadilika! Kila adhuhuri, mkate ukiwa tanurini, Itto alimpakata binti yake na kitabu. Siku za kwanza niliwasikia wakinong'ona. Baadaye nilisikia vicheko. Walisoma kile cha tufaha mpaka pembe zikalegea. Walisoma cha kondoo aliyepotea. Bibi Hadda akawa hakosi, na kila siku alimpa yule kondoo jina jipya.

"Jana alikuwa anaitwa Mauridi!" Tuda alilalamika.

"Ameolewa, akabadilisha," akajibu Bibi.

Vitabu vyenyewe vilikuwa vitatu tu, vikaisha. Rabha akasema, "Tengenezeni cha kwenu." Basi wakachukua maboksi ya matufaha yaliyochakaa, wakayakata kurasa. Bibi Hadda akazishona kwa uzi wa sufu. Tuda akachora kwa mkaa. Rangi nyekundu wakapata kwenye hina, ya manjano kwenye maganda ya komamanga. Mikono yake ilikuwa kama ya bibi harusi. Kile walikishona kifunguke kulia, kwa sababu ni cha kwetu. Itto akatumia herufi zake chache za msikitini kuandika jina juu: Tuda. Mtoto alilipapasa jina lile kwa kidole siku nzima.

Lakini Basu alikuwa shambani tangu alfajiri mpaka giza, hakuona lolote. Na begi lilikuwa limefungwa, limekaa karibu na mlango.

Siku ya lori la mwisho ikafika. Masanduku yakapakiwa. Basu akaliweka begi mbele, karibu na dereva, akaingia ndani kumchukua mtoto. Mimi na Rabha tulikuwa pale. Singekosa. Itto alikuwa mweupe usoni.

"Baba, kaa," akasema Tuda.

"Lori linasubiri, binti yangu."

"Kaa kidogo tu."

Basu akakaa. Akaona vitabu kwenye mkeka. Akachukua kile cha tufaha, ili amfurahishe, akakifungua upande wa kulia.

"Siyo huko, baba! Hicho ni cha Kifaransa, kinaanzia huku. Hiki changu ndicho kinaanzia huko."

Basu akatazama kitabu kimoja, akatazama cha pili. Akamtazama mke wake. Itto akaangalia chini, lakini mdomo ulikuwa unacheza.

Tuda akapanda mapajani pa baba yake, akaanza kusoma. Nasema kusoma, na asiyekubali aje tubishane.

"Hapa ni wewe, uko juu ya ngazi. Unachuma. Hapa ni Bibi anachambua. Unadhani nini kitafuata?"

"Sijui," akasema Basu.

"Jaribu, baba. Ukikosea sikukaripii."

"Labda... mbuzi anakuja?"

"Ndiyo!" Akageuza. Mbuzi alikuwepo, mkubwa kuliko nyumba. "Amekula matufaha mangapi? Hesabu na mimi. Moja, mbili, tatu, nne. Na hapa lori limejaa."

Akageuza tena. Ukurasa wa mwisho ulikuwa mtupu.

"Na hapa?" akauliza Basu.

"Hapa ni mimi kwa shangazi. Sijachora. Nikichora nitalia."

Dereva akapiga honi. Basu akainuka, akatoka. Itto akashika ukuta. Hata Bibi Hadda, mdomo wake wote ule, akauziba kwa ushungi. Tukasikia mlango wa lori ukifungwa, tukasikia lori likishuka mteremkoni.

Basu akaingia na begi begani.

"Nimempelekea dada yangu sanduku la matufaha," akasema. Akaliweka begi kabatini, akamgeukia binti yake. "Haya, maliza kitabu chako."

Itto akalia tena, safari hii kwa sauti, na mimi nikamsaidia. Tuda hakuwa na nafasi ya kulia. Alikuwa anatafuta mkaa. Alijichora amekaa kwa baba yake, kichwa chake kikubwa kuliko cha Basu.

Theluji ilipofunga barabara, jioni Basu naye akawa anapakata na kuulizwa maswali. Majirani wakaanza kuja na watoto wao na maboksi. Tukawa tunaazimana vitabu kama tunavyoazimana chachu.

Matufaha yalipoiva tena, Tuda akaanza darasa la kwanza hapa hapa kijijini. Mwalimu aliwagawia vitabu. Wenzake kadhaa walilia. Tuda alikitazama kile kitabu nje na ndani, akauliza, "Mwalimu, hiki kinaanzia upande gani?" Mwalimu alitaka kujua amefundishwa na nani. "Na mama," akasema. "Tulianza kinyume, lakini tulifika."

Mchana tulikuwa uani tunachambua matufaha, Itto, Bibi Hadda na mimi. Tukasikia miguu inakuja mbio. Tuda akaingia, mkoba unarukaruka mgongoni, akajitupa mapajani pa mama yake.

Bibi Hadda akanyanyua kichwa. "Nani alisema tufaha halirudi mtini?" akauliza. "Hili hapa limerudi, na lina njaa."