Lukresia Alidhani ni Sumu

Lukresia wa Kibosho alijifungua mtoto wa kike, Priska, naye akalishwa kama mzazi wa Kichagga anavyolishwa. Asubuhi mama mkwe wake, Mektrida, alimletea mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, uliojaa samli. Jioni alimletea mlaso, damu ya mbuzi iliyopikwa kwa maziwa na mafuta.

"Kula, mama Priska, upate maziwa ya mtoto," alimwambia.

Lukresia alikula. Baadaye kidogo maumivu makali yalimshika chini ya mbavu za kulia, yakapanda hadi begani. Akatapika. Akila ndizi za kuchemsha kwa dada yake, haumwi. Akila cha Mektrida, anaumwa.

Basi akaanza kumtazama mkwewe kwa jicho la pembeni. Mbona yeye mwenyewe hali? Mbona anasisitiza hivyo? Lukresia alimchukia, tena alimwogopa. Aliazimia kumshtaki kwa balozi wa nyumba kumi.

Kwanza alimweleza jirani yake Hilaria, muuguzi wa zahanati.

"Mama mkwe ananitilia kitu," alinong'ona. "Nikila mtori na mlaso wake naumwa; nikila ndizi za kuchemsha kwa dada, siumwi."

Hilaria alimbonyeza tumbo. Lukresia akapiga yowe.

"Sumu gani hiyo inayokaa kwenye mafuta tu?" Hilaria aliuliza. "Nadhani una mawe kwenye kifuko cha nyongo. Ukila mafuta kifuko kinajikamua, na jiwe linaziba njia. Nenda hospitali ya Mawenzi ukapigwe picha."

Kweli, picha ilionyesha mawe. Daktari alitaka kumpasua mapema. Mumewe, Wenseslaus, akakunja uso.

"Hawa madaktari wanapenda visu," alisema. "Tungoje kahawa iishe kuchumwa."

"Mkingoja, baba Priska, kifuko kinaweza kuvimba, kuoza, hata kupasuka," Hilaria alimjibu. "Jiwe likiteleza, macho yatageuka manjano. Hapo upasuaji utakuwa mgumu na wa hatari zaidi."

Wenseslaus bado alisitasita. Mektrida akasimama.

"Kahawa nitachuma mimi. Mpeleke mke wako!"

Lukresia alipigwa na butwaa.

Alipasuliwa. Kifuko kilikuwa kimeanza kuvimba, lakini hakikuwa kimepasuka. Kidonda kilipona vizuri, akarudi nyumbani kumnyonyesha mwanawe. Aliona haya sana.

"Mama, nisamehe," alisema. "Nilidhani unanitilia sumu."

"Nilijua. Ulikuwa unamwonjesha paka kwanza."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

"Ningebishana nawe, ungeacha kula," Mektrida alijibu. "Na mtoto je?"